PS5, Xbox Series na Switch 2: soma RAM kwanza, teraflopu baadaye

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za gemu, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu ubovu. Mtu ananikabidhi konsoli yake, anasubiri nimalize skrubu ya mwisho, kisha anauliza: "Fundi, niambie ukweli. PS5 na Xbox Series X, ipi ina nguvu?" Kabla sijafungua mdomo ameshazitaja namba mwenyewe: kumi kwa kumi na mbili. Anazungumzia teraflopu, yaani trilioni ngapi za hesabu chipu ya picha inaweza kufanya kwa sekunde, na namba zake ni sahihi. Lakini mimi teraflopu naziweka nafasi ya tatu au ya nne katika mambo ya kutazama. Ya kwanza ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo gemu hukaa linapochezwa, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hizo teraflopu, maana watu wengi wanazibeba bila kujua zimetoka wapi. Ni kuzidisha tu. Chipu ya picha ya PS5 ina vitengo 36 vya hesabu. Kila kitengo kina njia 64, kila njia hufanya hesabu mbili kwa kila mdundo wa saa ya chipu, na saa hiyo hupiga hadi gigahezi 2.23. Zidisha 36 kwa 64, kwa 2, kwa 2.23, unapata teraflopu 10.28. Xbox Series X ina vitengo 52 vinavyokwenda kwa gigahezi 1.825, nayo inafika 12.15. Hakuna gemu lililopimwa hapo. Ni kiwango cha juu ambacho chipu ingekifikia kama kila kitengo kingekuwa na kazi kila sekunde, na hilo halitokei kwenye gemu lolote la kweli.

Halafu tazama saa zenyewe. Ya PS5 inapiga kwa kasi iliyozidi ya Series X kwa kama asilimia 22. Ndani ya chipu ya picha kuna kazi nyingi zisizohesabiwa kwenye teraflopu: kupanga pembetatu, kuchora kingo, kusoma kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu). Kazi hizo hufuata kasi ya saa, hazijali idadi ya vitengo. Mark Cerny, aliyesanifu PS5, alilieleza hili hadharani Machi 2020, na wakati ule wengi walidhani anatafuta kisingizio cha namba ndogo. Miaka imepita, magemu yamewekwa bega kwa bega, na mara nyingi inabidi usimamishe picha na kuikuza ndipo uone tofauti. Mahali pengine Series X inatangulia kidogo, mahali pengine PS5. Pengo la asilimia 18 lililoandikwa kwenye karatasi ni nadra kulikuta lote kwenye skrini.

Prosesa kuu hazinipi cha kubishania. Zote mbili zina viini vinane vya AMD Zen 2, PS5 hadi gigahezi 3.5 na Series X hadi 3.8. Tupite.

Sasa RAM. Bodi ya PS5 ina chipu nane za GDDR6, zote sawa, gigabaiti 2 kila moja. Jumla ni gigabaiti 16, na zote zinasomwa kwa kasi moja ya gigabaiti 448 kwa sekunde. Bodi ya Series X ina chipu kumi, lakini hazilingani: sita ni za gigabaiti 2, nne za gigabaiti 1. Jumla ni ileile 16. Tofauti inakuja kwenye kusoma. Gigabaiti 10 za kwanza zimetandazwa kwenye chipu zote kumi, kwa hiyo zinasomwa kwa gigabaiti 560 kwa sekunde. Zile 6 zinazobaki zinaishi kwenye chipu sita kubwa peke yake, nazo zinasomwa kwa 336. Mfumo wa mashine unachukua gigabaiti 2.5 kutoka upande wa polepole, na mtengeneza gemu anabaki na 13.5 za kugawa kwa akili: picha upande wa kasi, sauti na mambo mengine upande wa pili.

Hiyo ni kazi ya ziada kwa mtu anayeandika gemu. Siisemi kama lawama, kwa sababu Series X ilipata njia pana zaidi bila kulazimika kujaza bodi kwa chipu kubwa tupu. Lakini ukiniuliza ni bodi ipi ingenirahisishia kazi kama ningekuwa mwandishi wa magemu, ni ya PS5. RAM moja, kasi moja, hakuna kufikiria kitu gani kikae wapi.

Kwa nini kasi hii ina uzito kiasi hicho? Kwa sababu kila rangi, kila kivuli, kila uso wa ukuta kwenye skrini lazima utoke kwenye RAM kwenda kwenye chipu, na fremu inayofuata utoke tena. Chipu ya picha yenye teraflopu nyingi na RAM ya polepole ni mwashi hodari anayeletewa matofali na kibarua mmoja: mikono anayo, ukuta haupandi.

Tuliliona hili mwaka 2013. PS4 ilitoka na GDDR5 ya gigabaiti 8, kasi 176 kwa sekunde. Xbox One ilitoka na gigabaiti 8 pia, lakini ni DDR3 ya kasi 68, ikasaidiwa na megabaiti 32 za RAM ya haraka zilizowekwa ndani ya chipu yenyewe. Mtu aliyesoma "8 kwa 8" aliona sare. Gemu la Call of Duty: Ghosts lilipofika mwaka huohuo, PS4 ililionyesha kwa 1080p na Xbox One kwa 720p. Ni kweli chipu ya picha ya PS4 nayo ilikuwa kubwa, teraflopu 1.84 kwa 1.31. Lakini zile megabaiti 32 zilikuwa finyu mno kwa picha ya 1080p yenye tabaka nyingi, na waandishi wa magemu walihangaika nazo kizazi kizima. PS3 nayo, miaka saba kabla, ilikuwa na prosesa ya Cell iliyosifiwa dunia nzima huku RAM yake imekatwa vipande viwili vya megabaiti 256. Xbox 360 ilikuwa na megabaiti 512 katika fungu moja, na watengenezaji wengi waliiona rahisi zaidi.

Hapo ndipo ninapofika kwa Xbox Series S, mashine ninayopenda watu waifikirie kwa makini kuliko zote kabla ya kuichukua. Ni ndogo, kimya, ina kilo zisizofika mbili, na prosesa yake kuu ni karibu sawa na ya kaka yake. Teraflopu zake ni 4, theluthi moja ya Series X. Watu huishia hapo na kusema ni dhaifu. Mimi hizo teraflopu 4 hazinisumbui. Picha ya 4K ina nukta kama milioni 8.3. Ya 1440p ina milioni 3.7, ya 1080p milioni 2.1. Ukishusha idadi ya nukta, mzigo wa chipu ya picha unashuka nao. Theluthi ya nguvu kwa robo ya nukta ni hesabu inayokubalika kabisa, na kwenye televisheni ndogo ya 1080p macho yako hayatakosa mengi.

RAM haishuki hivyo. Series S ina gigabaiti 10 tu: 8 zenye kasi ya 224 kwa sekunde, na 2 zenye kasi ya 56, ambazo kwa kweli ni za mfumo. Ramani ya mji, mienendo ya wahusika, fizikia, sauti, akili ya maadui, vyote hivyo vinahitaji nafasi ileile hata ukichora nukta chache. Unaweza kupunguza ukubwa wa picha za kuta. Huwezi kupunguza idadi ya watu walio sokoni ndani ya gemu bila gemu lenyewe kubadilika.

Baldur's Gate 3 ndiyo ushahidi. Ilitoka Agosti 2023 kwenye kompyuta, Septemba kwenye PS5. Xbox ilisubiri hadi Desemba. Sababu ilikuwa kwamba Larian, waliolitengeneza, hawakuweza kuifanya sehemu ya wachezaji wawili kugawana skrini iende vizuri kwenye Series S. Fikiria kinachotokea wachezaji wawili wanapotengana: mmoja yuko pangoni, mwingine mjini, na mashine inapaswa kushikilia sehemu zote mbili za dunia kwa wakati mmoja. Microsoft, wenye Xbox, ilikuwa inataka gemu liwe na vipengele vilevile kwenye Series X na Series S, na mwishowe ikalikubali bila kugawana skrini upande wa Series S. Kipengele hicho kilifika huko Aprili 2025. Mwaka na miezi, kwa ajili ya gigabaiti.

Na RAM ya konsoli haiongezwi. Imechomelewa kwenye bodi. Mtu huniuliza kama naweza kumwongezea, kama inavyofanyika kwenye kompyuta, na jibu ni hapana. Hata ukiwa na mkono mzuri wa kubadilisha chipu, mfumo wa mashine unategemea kiasi ilichozaliwa nacho. Hifadhi utaongeza, feni utabadilisha, RAM utakaa nayo hadi mwisho wa kizazi. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuisoma kwanza.

Hifadhi ni jambo la pili. Kizazi cha PS4 na Xbox One kilitumia diski ngumu inayozunguka, ambayo ikijitahidi inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. Kujaza gigabaiti 10 za RAM kwa mwendo huo ni sekunde 100. Ndiyo maana magemu yale yalijaa lifti za polepole na milango mirefu ya kubanana: nyuma yake mashine ilikuwa inapakia. SSD ya Series X, hifadhi ya chipu isiyo na kinachozunguka, inasoma gigabaiti 2.4 kwa sekunde, kazi hiyohiyo ikaisha kwa sekunde kama nne. Ya PS5 inasoma 5.5, chini ya sekunde mbili. Hapo sijahesabu ubanaji wa data, unaozipandisha zote.

Ukubwa wa ajabu wa PS5 ya kwanza, gigabaiti 825, unatokana na usanifu huu: kidhibiti cha SSD kina njia 12, na chipu za hifadhi zikagawanywa kufuata njia hizo. Kwangu hiki ndicho kipande cha uhandisi kinachostahili heshima kubwa zaidi katika kizazi hiki. Ratchet & Clank: Rift Apart ya mwaka 2021 ilikionyesha vizuri, mhusika anarukia dunia nyingine na dunia hiyo ipo tayari. Lakini niseme na hili: kwenye magemu mengi yanayotoka kwa mashine zote, tofauti ya kupakia kati ya PS5 na Series X ni sekunde chache, wakati mwingine hakuna. Faida kubwa ilipatikana kwa kuiacha diski inayozunguka, na hiyo wote waliipata. Xbox kwa upande wake ilitumia SSD kwa jambo ninalolipenda kuliko namba yoyote: inahifadhi hali nzima ya gemu kwenye SSD, ili uhame gemu moja kwenda jingine na kurudi palepale ulipoachia.

Namba ya kwenye boksi na nafasi utakayoipata ni vitu viwili. PS5 ya kwanza ilibakisha gigabaiti 667, Series X 802, na Series S ya gigabaiti 512 ilibakisha 364. Magemu makubwa ya siku hizi yanavuka gigabaiti 100 kirahisi, kwa hiyo hesabu mwenyewe hizo 364 zinabeba mangapi. Kuongeza kwenye PS5 ni kufungua kifuniko na kuchomeka SSD ya M.2 ya kawaida. Sony inapendekeza isiwe chini ya megabaiti 5,500 kwa sekunde, na lazima iwe na kipoza joto. Usiipuuze sehemu ya kipoza joto. Kwenye Xbox ni kadi maalumu inayochomekwa nyuma, kazi ya sekunde tano, lakini chaguo ni chache.

Switch 2 ya Nintendo, iliyotoka Juni 5, 2025, watu huilinganisha na hizi vibaya. Wanachukua teraflopu zake, takriban 3.07 ikiwa kwenye kituo chake kinachoiunganisha na televisheni na 1.71 ikiwa mkononi, wanaziweka kando ya 10 na 12, wanacheka. Ilinganishwe kwanza na ilikotoka. Switch ya 2017 ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 yenye kasi ya 25.6 kwa sekunde. Switch 2 ina gigabaiti 12 za LPDDR5X, kasi ya 102 kwenye kituo na 68 mkononi. Mfumo unachukua 3, gemu linapata 9. Soma tena namba hiyo: mashine inayoendeshwa na betri inampa mtengeneza gemu nafasi kubwa kuliko Series S inayochomekwa ukutani. Hii ndiyo sababu magemu mazito yanaweza kuhamia humo. Kasi ya RAM ni ndogo, hilo siwezi kulificha, karibu nusu ya Series S. Lakini chipu yake ya Nvidia ina DLSS, inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa kutumia mtandao wa neva uliofunzwa, na picha ndogo haidai njia pana.

Udhaifu wake halisi uko kwenye prosesa kuu. Viini vinane vya ARM Cortex-A78C vinakwenda kwa kama gigahezi 1, na cha kushangaza ni kwamba vinakwenda haraka kidogo mkononi kuliko kwenye kituo: 1.1 kwa 0.998. Gemu lenye umati wa watu na fizikia nyingi litabanwa hapo, na DLSS haigusi tatizo hilo. Skrini ni inchi 7.9, 1080p, hadi fremu 120 kwa sekunde, lakini ni LCD. Aliyezoea weusi wa OLED ya Switch ya 2021 ataukumbuka. Hifadhi ni gigabaiti 256, na kuongeza kunataka kadi ya microSD Express. Kadi zako za zamani za microSD zitahamisha picha na video tu. Gemu halitakaa humo.

Kabla ya kubishana zaidi kuhusu chipu, itazame televisheni yako. Gemu la fremu 30 linakupa picha mpya kila milisekunde 33.3. La 60, kila 16.7. La 120, kila 8.3. Kama skrini yako inaishia hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, mambo yote ya fremu 120 kwenye boksi la konsoli hayakuhusu. Kinachosahaulika ni fremu 40, ambazo zinahitaji skrini ya hezi 120 ili zigawanyike sawasawa: milisekunde 25 kila moja, katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Ukiona gemu lina chaguo hilo na skrini yako inaruhusu, lijaribu. Mimi hulichagua karibu kila mara.

Kuhusu joto, Series X ndiyo niipendayo kuifungua. Bodi imegawanywa mbili, imesimamishwa pande mbili za kipande cha chuma katikati, na feni moja ya milimita 130 juu inavuta hewa kutoka chini hadi juu. Kila kitu kina mahali pake. PS5 ni kubwa kwa sababu kipoza joto chake ni kikubwa, feni ni ya milimita 120 na nene, na kati ya chipu na kipoza joto imewekwa metali ya kimiminika badala ya pesti ya kawaida. Inapitisha joto vizuri sana. Inapitisha umeme vilevile. Ikimwagika juu ya bodi, bodi imekwisha. Kama hujawahi kuishika metali hiyo, safisha vumbi kwenye matundu yaliyowekwa kwa kazi hiyo na uishie hapo.

PS5 Pro ya Novemba 2024 inasomeka vizuri kwa mpangilio wangu. Teraflopu 16.7, vitengo 60, RAM ileile ya gigabaiti 16 lakini kasi imepanda hadi 576, na gigabaiti 2 za DDR5 zimeongezwa kubeba mambo ya mfumo ili gemu lipate nafasi zaidi. SSD ni terabaiti 2. Sony walijua pa kuongeza. Prosesa kuu ni ileile ya Zen 2, inayoweza kupanda hadi gigahezi 3.85. Kwa hiyo gemu linalokwama kwenye fremu 30 kwa sababu ya chipu ya picha litafunguka, na linalokwama kwa sababu ya prosesa litabaki karibu palepale, likiwa na picha safi zaidi. Haina kisoma diski, kinauzwa peke yake. Mwenye PS5 ya kawaida na televisheni ya 1080p nitamwambia akae nayo. Mwenye 4K kubwa anayeudhika na ukungu wa picha za fremu 60, huyo Pro imetengenezwa kwa ajili yake.

Kwa anayeanza leo bila mashine yoyote, PS5 ya kawaida au Series X, fuata magemu yalipo na marafiki walipo. Vifaa havitakuangusha upande wowote. Switch 2 kwa anayetaka kucheza safarini. Series S kwa mwenye skrini ya 1080p anayejua kwamba RAM ndiyo dari yake.

Sehemu moja huwa haiandikwi kabisa kwenye orodha za sifa: vijiti vya padi. DualSense ya PS5 ina vichochezi vinavyokaza vidole na mtetemo laini kuliko padi yoyote niliyoshika, lakini vijiti vyake, kama vya padi ya kawaida ya Xbox na vya Joy-Con, padi za Switch, vinapima mwendo kwa vipande vinavyosuguana. Kinachosuguana kinachakaa, kisha mhusika anatembea peke yake. Vijiti vinavyotumia sumaku vipo sokoni na havina msuguano huo. Hakuna kati ya kampuni hizi tatu iliyoviweka kwenye padi hizi za kawaida. Betri ya DualSense ni ya ndani, milliampea-saa 1,560, na ikichoka unafungua padi nzima. Padi ya Xbox inatumia betri mbili za AA. Wengi huona ni ya kizamani. Mimi naona ndiyo sehemu pekee katika mashine zote hizi ambayo mwenye nayo anaweza kuitengeneza bila kuniona.